Turbo ya Tatu

Turbo ya tatu ilifika Kabanga siku ya Jumanne kwa basi la kutoka Mwanza, ikiwa ndani ya gunia la mbolea lililofungwa kwa kamba ya katani. Gervasi, anayekata tiketi za mabasi pale stendi, aliibeba mwenyewe begani hadi gereji kwangu, akaitua mezani.

"Fundi Abeli, dada yangu anauliza utamaliza saa ngapi."

"Sijui kama nitaifunga."

Akanitazama. "Umeiagiza, imekuja, halafu huifungi."

"Ya pili niliifunga kabla sijajua kilichoiua ya kwanza. Hii sitaki kuifunga hivyo hivyo."

"Kilichoiua ni gari lenyewe. Gari la mashindano linataka barabara ya mashindano. Nilimwambia Theodosia anunue kale kagari ka kubebea nyanya, akaniona mshamba. Sasa mshamba ni nani?"

Huenda alikuwa na haki. Katika miezi mitano nilikuwa nimeamini mambo manne tofauti kuhusu gari lile, na kila moja nililiamini kwa moyo wote kwa muda wa wiki mbili hivi.

Dada yake, Theodosia, ni nesi katika zahanati moja huko Keza. Anaishi hapa Kabanga na mama yao, mama Ildefonsa, ambaye macho yake yamefifia kiasi kwamba mwaka jana alishika sufuria upande wa moto akaungua kiganja kizima. Mama hataki kuhama nyumba yake, na hawezi kukaa peke yake usiku. Gervasi ana chumba kimoja nyuma ya stendi, na siku tatu kwa wiki anasafiri na mabasi. Kwa hiyo Theodosia huenda kazini alfajiri na kurudi jioni, kila siku, na kwa sababu hiyo alinunua gari. Siku gari lilipomlaza njiani mara ya kwanza, mganga mfawidhi alinyamaza. Mara ya pili kulikuwa na mama mjamzito aliyesubiri kwenye benchi hadi saa nne. Mganga akamwambia Theodosia, bila ukali, kwamba likitokea tena itabidi ahamie nyumba ya watumishi pale pale zahanati. Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, na hakulirudia. Halikuhitaji kurudiwa.

Gari lenyewe nililikagua mimi. Lilikuwa la mzee Ndikumana wa Biharamulo, aliyeliuza kwa sababu goti lake lilikataa kukanyaga klachi. Ni gari la chini, la gia za mkono, lenye pua iliyotoboka juu ya boneti na mlio unaosikika kabla halijaonekana. Tulikwenda na Theodosia, nikalilalia chini, nikalisikiliza, nikaliendesha. Nikasema, "Liko vizuri." Maneno mawili tu, na nimeishi nayo tangu siku ile.

Turbo, kwa asiyeijua, ni chuma chenye umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ndogo ndani yake, na feni hiyo husukuma hewa zaidi irudi kwenye injini, ndipo gari dogo hupanda mlima kama lori tupu. Inazunguka kwa kasi ambayo sijui namna ya kuieleza, na joto lake gari likipanda kwa nguvu hufikia wekundu wa makaa. Kinachoilinda ni oili tu, na oili huja injini ikiwa inafanya kazi. Hayo sikufundishwa chuoni. Niliyapata kwenye vitabu vilivyokuja ndani ya magari ya watu, na kwa kufungua vitu vilivyokufa.

Ya kwanza ilikufa wiki ya kumi baada ya kununuliwa. Gari lilianza kutoa moshi wa bluu, kisha nguvu ikaisha mlimani. Nikasema ni uzee, na uzee hauna maswali. Nikaagiza nyingine, iliyotumika lakini nzima, nikaifunga. Ikafa wiki ya nane.

Hapo ndipo nilipofungua daftari na kuanza kuandika. Kwanza niliamini ni vumbi, nikabadilisha filta ya hewa na kuziba kila mpira. Kisha nikaamini ni petroli ya chupa za barabarani, lakini Theodosia alikuwa anajaza kwenye kituo. Kisha nikaamini ni oili feki, nikamwaga yote na kununua nyingine mwenyewe. Mwishowe nikaikata turbo ya pili kwa msumeno, ambalo ni jambo nililopaswa kulifanya kwanza. Ndani, pale oili inapopita, kulikuwa na mkaa. Mkaa mweusi, mgumu, kama ule unaobaki chini ya chungu cha maharage yaliyosahauliwa.

Mkaa ule una maana moja. Mtu ameizima injini turbo ikiwa bado nyekundu, oili ikasimama humo ndani ikaungua. Akifanya hivyo kila siku, tundu huziba.

Nikamwita Theodosia. Nikamuuliza taratibu, maana swali lenyewe lilikuwa na harufu ya kumshtaki.

"Dada, ukifika, unalizima hapo hapo?"

"Ulinikataza."

"Najua nilikukataza. Nauliza unachofanya."

"Nahesabu hadi mia moja na ishirini, injini inanguruma. Kule na hapa nyumbani. Ulisema dakika mbili, nikafanya dakika mbili."

"Kila siku?"

"Fundi," alisema, na sauti yake ikashuka, "mimi nawapa watu dawa kwa saa. Unafikiri naweza kusahau?"

Akaondoka. Gervasi, aliyekuwa amekaa kwenye tairi akila muwa, akatema kapi. "Anadanganya huyo. Tangu utotoni. Alikuwa anasema amechota maji kumbe ndoo iko mtoni."

Sikutaka kuamini hivyo, wala sikuweza kuamini kinyume, kwa sababu mkaa ulikuwa mezani. Basi nikafanya jambo ambalo hadi leo linaniaibisha. Wakati ule gari lilikuwa linatembea kwa shida na ile turbo ya kwanza, niliyoirudisha kwa muda, linafika likiwa linafuka. Nikapanda pikipiki kwa njia ya mkato ya Kibimba, nikafika Keza kabla yake, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa huku nimejifunika shuka la kuazima.

Theodosia akafika. Akaegesha chini ya ukuta. Injini ikabaki ikinguruma, naye akabaki ndani, midomo ikicheza. Akina mama waliokuwa na watoto wa kliniki hawakushangaa hata kidogo. Mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti, wengine wakadakia, na watoto wakipiga makofi, "Mia moja na kumi na nane, mia moja na kumi na tisa, mia moja na ishirini." Ndipo ufunguo ukazungushwa. Nesi akashuka, akawaamkia watu, akanipita mimi na shuka langu, akageuka.

"Fundi Abeli. Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi mrudishie mwenye shuka, anasikia baridi."

Nilirudi Kabanga nikiwa na uhakika wa jambo moja, kwamba Theodosia anasema kweli, na uhakika wa jambo la pili, kwamba turbo yake inazimwa ikiwa nyekundu. Mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Niliyaandika, nikayatazama, nikafunga daftari.

Nikaenda Biharamulo kumwona mzee Ndikumana. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba mbele ya duka lake la vipuri vya baiskeli, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kreti ya soda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kunirudishia gari?"

"Nimekuja kuuliza ulikuwa unaliendeshaje."

"Polepole. Mke wangu alikuwa analala ndani yake. Miaka minne, asubuhi na jioni, halijawahi kufuka. Nikifika nyumbani naliacha lingurume mpaka nifungue geti, nimsalimie mbwa, nimjibu mke wangu kwa nini nimechelewa. Hapo ndipo nazima." Akasugua goti. "Nyie mnalifanya nini huko? Mnalilisha mkaa?"

Nikashtuka. "Nani amekwambia kuhusu mkaa?"

"Hakuna. Nasema tu. Kila kitu kinachotoka huko kwenu Ngara siku hizi ni mkaa."

Nikacheka, kisha nikaacha. Nilitazama barabara iliyokuwa mbele ya duka. Ilinyooka hadi macho yakachoka. Nikaandika kwenye daftari: *hakuna mlima*. Lakini mlima wenyewe hauzimi injini. Mimi nilishaupanda mlima wa Keza na gari lile mara tatu, peke yangu, kwa nguvu zote, nikateremka upande wa pili, na turbo haikulalamika. Nikafuta nilichoandika. Jioni, ndani ya basi, nikakiandika tena.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumanne ile turbo ya tatu ilipokaa mezani. Muuzaji wa Mwanza alikuwa ameniambia kwamba hana nyingine, na hajui lini atapata.

Jioni Theodosia alikuja mwenyewe, kwa miguu.

"Nasikia hutaki kufunga."

"Nitafunga. Lakini siku ya kwanza nitakaa na wewe ndani ya gari, kutoka nyumbani hadi zahanati. Uendeshe kama unavyoendesha siku zote. Usinifanyie adabu."

"Na shuka utakuja nalo?"

"Hapana, dada."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Alhamisi. Saa kumi na mbili kasoro robo."

Alhamisi nilimkuta mama Ildefonsa ameketi nje, kanga mbili mabegani, uso ameuelekeza kwenye sauti ya injini. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza kama nimekula. Theodosia alihesabu injini ipate joto, tukaondoka.

Nilikuwa na daftari magotini. Aliendesha vizuri kuliko madereva wengi ninaowajua. Alikwepa mashimo mapema, hakubamiza gia. Mlima ulipoanza, uso wake ukabadilika. Akashuka gia ya tatu, akakanyaga, na nikasikia turbo ikiamka kwa ule mluzi wake mwembamba. Migomba ikawa inapita kama mtu anafunua kurasa. Aliniambia, bila kuniangalia, "Hapa ndipo ninapolipenda."

Nikaandika: *anapanda kwa nguvu. Sawa, hata mimi.*

Kileleni, kushoto mwa barabara, kuna msalaba wa saruji uliopakwa chokaa. Ni wa Wakatoliki, uliwekwa zamani wakati wa jubilei. Mimi ni wa kanisa la kiroho, wazazi wangu walitoka ng'ambo ya mpaka wakiwa hivyo, na msalaba ule nimeupita mara mia kama ninavyopita nguzo ya umeme.

Tulipofika usawa wake, Theodosia alikanyaga klachi, akatoa gia, na kwa mkono uleule akazungusha ufunguo.

Injini ikazima. Akafanya ishara ya msalaba. Gari likaendelea lenyewe, kimya, likaanza kuteremka.

Nilifungua mdomo. Akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kwa upole, kama anavyomwonyesha mgonjwa kwamba daktari anasikiliza kifua. Nikaufunga. Midomo yake ilikuwa inacheza. Upepo uliingia dirishani, nikasikia jogoo wa mtu bondeni, na kokoto chini ya matairi, na kitu kingine ambacho hakuna aliyekisikia isipokuwa mimi: chini ya boneti, chuma chekundu kikilia *ti, ti, ti*, kikiunguza oili yake.

Tulikuwa tunakwenda kasi. Usukani ulikuwa mzito, niliona misuli ya mikono yake. Alikanyaga breki mara moja, kwa kipimo, maana injini ikizima breki hukupa nafasi chache tu kisha huwa kama kukanyaga ukuta. Alizijua nafasi zake. Nilishika mlango. Sijui kama niliomba; kama niliomba, ilikuwa kwa Kirundi, maana ndiyo lugha inayonitoka nikiogopa.

Bondeni, kwenye daraja, akasema "Amina" kwa sauti, akarudisha ufunguo, akaweka gia ya tatu, akaachia klachi. Gari likashtuka likawaka.

"Ulikuwa unataka kusema kitu," akasema.

"Dada Theodosia. Ulizima gari."

"Lini?"

"Pale juu."

Akafikiri. Nawaambia kweli, alifikiri. "Pale msalabani? Ile ni sala."

"Lakini ulizima."

"Nazima kwa ajili ya sala. Baba alikuwa anaendesha lori la parokia, na akifika pale anazima, anaacha lori literemke kimya, tunasali hadi darajani. Hakuna aliyeruhusiwa kuongea, hata padri. Nilianza kukaa naye mbele nikiwa na miaka mitano." Akakwepa shimo. "Uliniuliza nikifika nafanya nini. Pale sijafika. Pale hata sisimami."

Nilitazama daftari langu. Swali langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mzuri: *Ukifika, unalizima hapo hapo?* Nilikuwa nimeuliza kama fundi, naye alikuwa amejibu kama dereva, na ile sehemu ya safari haikuwa ya fundi wala ya dereva.

Nikamweleza kuhusu mkaa. Hakunikatiza. Tulifika zahanati, akaegesha, akahesabu hadi mia moja na ishirini, wale akina mama wakahesabu naye. Mimi sikuhesabu.

"Kwa hiyo nimeziua mimi," akasema. "Zote mbili."

"Hukujua."

"Nilikuwa namwombea mama pale. Kila siku, macho yake. Na kumbe ndicho kilichokuwa kinanitoa kwake." Akashika ufunguo bila kuuchomoa. "Sasa nifanye nini, fundi? Nisisali?"

Hilo halikuwa swali la gereji.

Jioni tulirudi, msalabani akaacha injini ikiwaka. Nilimwona akitafuta maneno. Alianza mara mbili, akaacha. Mteremko ulipoisha, upande wa Kabanga, hakusema amina.

Mama Ildefonsa alikuwa bado nje, au ametoka tena. "Leo gari limekuja na sauti nyingine," akasema. "Limenguruma mteremko mzima. Nimelisikia toka kule." Macho yalimwacha, masikio yakabaki.

Theodosia akakaa chini karibu naye, akamweleza yote, msalaba, mkaa na kimya cha baba. Mimi nilisimama nikishika daftari kama mtu aliyeleta barua mbaya. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Baba yako," akasema, akifuta macho, "baba yako alikuwa anaokoa dizeli."

"Mama."

"*Ego*, ndiyo, dizeli. Ule mwaka wakimbizi walipoingia, parokia ilikuwa inapewa mapipa machache, lori linakwenda kutwa kucha. Akagundua kwamba akizima pale juu anafika darajani bure. Sala ilikuwa ya padri. Lori halikuwa na breki, na padri alikuwa mwoga. Alianza Salamu Maria mwenyewe, kwa sauti, kutoka msalabani hadi chini, ndipo baba yako akaona aibu kuongea."

Theodosia hakucheka. "Miaka yote hiyo aliendelea. Hata dizeli ilipopatikana."

"Aliendelea," mama akakubali. "Hilo sasa sijui kwa nini. Sikuwahi kumuuliza."

Walikaa hivyo, mmoja akiutazama uso wa mwenzake na mwenzake akitazama pasipo na kitu. Niliaga. Nadhani hawakunisikia.

Kesho yake nilipeleka karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa. Kwamba robo ya mwisho ya mlima apande taratibu, gia ya nne, asikanyage. Kwamba msalabani aegeshe pembeni, injini ikinguruma, dakika mbili. Kwamba asiteremke tena injini ikiwa imezima, kwa ajili ya breki, si ya turbo. Kwamba baada ya dakika mbili, akitaka kuzima akiwa amesimama, turbo haitakuwa na neno. Aliisoma mara mbili.

"Dakika mbili ni Salamu Maria ngapi?" akauliza.

"Mimi si Mkatoliki, dada."

"Kumi na mbili," akasema baada ya muda, akikunja karatasi. "Kama husemi haraka."

Mwezi ulipita, Theodosia akiwa bado nyumbani kwa mama yake. Wiki ya nane ikapita, nayo ya kumi. Wiki ya kumi na mbili nilifungua bomba la oili. Lilikuwa safi, nikaingiza waya mwembamba ukatoka bila weusi. Gervasi alikuwepo. Akautazama waya, akasema bado anaamini kale kagari ka nyanya kangefaa zaidi. Sikumbishia. Gari kama la dada yake ni zuri kwa mtu anayejua anachokifanya nalo kila siku, na sisi wengi hatujui tunachokifanya kila siku.

Sijamuuliza Theodosia kama pale juu huwa anazima, wala kwa muda gani.

Juzi nilikuwa najaribu lori dogo la mtu, lisilo na turbo, lisilohitaji kusubiri chochote. Nilipofika msalabani mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Nikaegesha. Nikaacha injini ingurume. Sikuwa na sala ya mahali pale, na kuondoka nako kuliniwia vigumu, basi nikakaa nikahesabu hadi mia moja na ishirini, ndipo nikateremka.